Amana Iliyo Ndani ya Kichupa



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki hii napenda kuzungumza na mama zangu, dada zangu na wazee wenzangu kuhusu kazi ambayo wengi wetu hatuijui, ijapokuwa huenda siku moja uhai wa mmoja wa nyumbani mwetu ukaitegemea. Ni kazi ya wataalamu wa maabara ya patholojia, yaani wale wanaopokea vipande vya nyama vilivyotolewa katika mwili wa mgonjwa na kuvitayarisha ili daktari avisome kwa hadubini. Maabara ya damu na mkojo twaijua sote. Hii ni nyingine.

Nimeijua kazi hii kwa sababu ya binti wa ndugu yangu, aliyeolewa Kitui na kuajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya Ukambani. Kila mwaka mimi husafiri kwenda kudarisisha huko, Kitui na katika miji ya Makueni iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa, kama Kibwezi, Makindu na Emali. Darsa zikiisha hushukia nyumbani kwake, nikamwuliza mambo ya kazi yake, naye hunieleza kama mwalimu amwelezavyo mwanafunzi.

Kipande kikishatolewa mwilini hutiwa katika dawa iitwayo formalini, ambayo hukizuia kisioze. Dawa hiyo yatakiwa iwe nyingi, kadiri ya mara 10 ya ukubwa wa kipande chenyewe. Baadaye kipande hukaushwa maji kwa spiriti, dhaifu kwanza kisha kali zaidi, halafu huingizwa katika nta iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 60. Nta ikiganda, hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali. Unene wa kila utando ni mikroni 3 hadi 5, hali unywele mmoja wa kichwani waweza kufika mikroni 70. Utando huo huachwa uelee juu ya maji ya vuguvugu, ukaopolewa kwa kioo, kisha ukatiwa rangi mbili: ya zambarau, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, na ya waridi. Hapo ndipo daktari huweza kupambanua seli iliyo nzima na iliyoharibika.

Hapo mwanzo binti yetu aliniuliza, "Ami, mikono yangu yashinda katika spiriti. Je, sala yangu?" Nilimjibu kuwa spiriti ile haikuwekwa kwa kunywewa wala kulevya, na kwamba wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu itumiwe katika tiba. Akitaka moyo wake utulie zaidi, aoshe mikono na avue koti la kazi kabla ya kusimama mbele ya Mola wake.

Lakini jambo linalomsumbua zaidi ni amana. Kila kichupa hufika na jina na namba, pamoja na fomu yenye jina na namba. Visipolingana, hakiguswi mpaka ukweli ufahamike. Nilipomwuliza sababu ya ukali huo, alinijibu, "Ami, majina yafanana sana huku. Kina Mwende na kina Mutua ni wengi. Nikibadilisha vichupa viwili, mmoja atakatwa titi lililo zima, na mwenzake atarudi nyumbani na ugonjwa wake akimshukuru Mungu."

Huhuzunika pia kinapomfikia kichupa kilichotiwa maji matupu. Joto la Kibwezi ni kali. Nyama huanza kuoza njiani, na ikishaoza hapana fundi wa kuirudisha. Mgonjwa hulazimika kukatwa mara ya pili. Kwa hivyo, ukikabidhiwa kichupa ukipeleke maabara, mwulize muuguzi, "Kimetiwa formalini?" Hakikisha jina ni sahihi, wala usikifungue, kwani mvuke wa dawa hiyo hudhuru.

Watu wa Kitui na Makueni wanajua vyema kuwa si kila kinachoua huonekana kwa jicho. Mwaka 2004 kulizuka huko ugonjwa wa ini. Wagonjwa 317 walihesabiwa, wengi wao wa wilaya hizo mbili, na 125 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yalikuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani ya ini. Mama aliyesonga ugali ule aliwalisha wanawe kwa mapenzi. Hakuwa na njia ya kujua mpaka chakula kilipopimwa.

Yapo pia maradhi yanayotoa ishara, nasi tukazificha kwa jina la haya. Baada ya darsa moja huko Kitui, mtu na mkewe walinijia na swali la fiqhi. Mama yule alikuwa amekoma hedhi miaka mingi, na sasa damu ilikuwa ikimjia kwa miezi kadhaa. Walitaka kujua asali vipi. Jibu la sala limo vitabuni, nami niliwapa: hiyo ni damu ya istihadha, ajitahirishe, atawadhe kwa kila sala, wala asiache ibada. Kisha nikamwuliza mume, "Na hospitali mmekwenda?" Akainamisha kichwa. Alichelea mkewe asije akatazamwa na daktari mwanamume.

Niliwaambia kuwa atafutwe daktari mwanamke kwanza. Asipopatikana, daktari mwanamume mwaminifu aruhusiwa kwa haja, mume akiwapo, na lisifunuliwe ila lile linalohitajika. Sheria yetu haikumtaka mwanamke afe ili asitirike. Walikwenda. Kipande kikatolewa katika mlango wa kizazi, wakaambiwa warudi kwa majibu. Mama akakataa kurudi, akisema jibu baya ni afadhali asilisikie. Mumewe alimbembeleza kwa siku tatu hata akakubali. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imeenea. Alifanyiwa upasuaji, na safari yangu iliyopita nilimkuta akimsomesha mjukuu wake alifu na bee. Alhamdulillahi.

Sikumwuliza binti yetu kama kichupa kile kilipita mikononi mwake, wala yeye asingeniambia. Huyo ni mwanamke aliyelindiwa siri yake na watu asiowajua. Sitara aliyoiogopea ilikuwa imehifadhiwa.

Nchini Kenya, saratani za matiti na za mlango wa kizazi ndizo ziwapatazo wanawake wengi zaidi. Hii ya pili hutanguliwa na mabadiliko ya seli ambayo huchukua miaka, nayo yaweza kugunduliwa na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Shirika la Afya Duniani lashauri wanawake waanze kupimwa wafikapo umri wa miaka 30. Nchini kwetu, tangu mwaka 2019 wasichana wa miaka 10 wamekuwa wakipewa chanjo ya kirusi kinachoisababisha.

Enyi akina baba, nauli ya kumrudisha mkeo kuchukua majibu ni katika matunzo yake. Enyi akina mama, msingoje maumivu. Damu isiyo ya wakati wake na uvimbe usiouma ni ishara tosha. Na tukitaka wanawake wetu wahudumiwe na wanawake, basi tuwasomeshe binti zetu kazi hizi. Bibi Rufaida, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwatibu majeruhi katika hema lililopigwa msikitini Madina, zama za Mtume. Hatuna udhuru wa kuwazuia wetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaotuchungia amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.