Aliyekunja Bendera Jana

Skuli yetu, hapa Pemba, ina madarasa ya msingi na ya sekondari katika uwanja mmoja. Mbele ya ofisi kuna milingoti miwili: mmoja wa bendera ya Jamhuri ya Muungano, mwengine wa bendera ya Zanzibar. Mimi nasomesha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, lakini mwaka mmoja nilipewa kazi ya kuwafunza watoto wa darasa la nne kupandisha bendera asubuhi, kuishusha jioni na kuikunja.

Niliipokea kazi ile kwa dharau. Kukunja kitambaa kuna elimu gani? Watoto wa Pemba hukunja kanga za mama zao na majamvi ya kuanikia karafuu kabla hawajajua kusoma.

Siku ya kwanza tu nikaona ugumu. Bendera ya Muungano, iliyoanza kutumika mwaka 1964, huwa na kijani juu, upande wa mlingoti, na buluu chini. Bendera ya Zanzibar, tunayoipandisha tangu Januari 2005, huwa na buluu juu, nyeusi kati na kijani chini. Mtoto aliyezoea moja huigeuza nyengine bila kujijua.

Kwa hiyo niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo. Wanne hushika pembe nne, na bendera isiguse chini. Upande wa chini hupelekwa nyuma ya upande wa juu, mara mbili. Kisha hukunjwa kutoka upande unaopepea kuelekea upande wa kamba, mpaka pembe ya kijani yenye kitanzi cha juu ibaki nje.

"Kwa nini kijani kibaki nje, mwalimu?" aliuliza binti mmoja, mdogo kuliko wenzake wote.

"Ili atakayeifunga kesho ajue juu ni wapi," nilimjibu.

Waliendelea vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha ikafika jioni moja ya masika. Wingu lilikuwa jeusi, watoto wa zamu niliwaruhusu wakimbilie makwao, nikaishusha bendera peke yangu. Matone yalianza kunipiga. Niliikunjakunja kama nguo ya kufuliwa, nikaitia kabatini, nikaondoka zangu.

Asubuhi yake zamu ilikuwa ya yule binti. Skuli nzima ilisimama mistarini. Bendera ya Muungano ilipofika juu na upepo kuikunjua, buluu ilikuwa juu na kijani chini. Wanafunzi wakubwa walicheka. Mimi uso uliniwaka kwa aibu, na aibu ile nikamtwika mtoto.

"Wiki ngapi nakufundisha? Unaidhalilisha nchi mbele ya watu!"

Alikuwa na machozi, lakini alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mie nimeifunga kama nilivyoikuta."

Sikumsikiliza. Nilimwamuru asimame peke yake pembeni mpaka mistari ivunjwe.

Nilipoingia darasani, kidato cha nne walikuwa wanasubiri somo la methali. Nilishika chaki, nikaandika ubaoni: Nyani haoni kundule. Mkono ukanisita. Nilikumbuka mvua, kabati na pembe ya kijani niliyoizika ndani ya mikunjo. Kosa lililopanda mlingotini asubuhi ile nililitenda mimi jioni iliyotangulia.

Usiku ule sikulala vizuri. Ningeweza kumwita ofisini nikamwomba radhi kwa siri. Lakini nilimfedhehesha mbele ya watu, na radhi ya siri isingemrudishia heshima yake. Asubuhi nilisimama mbele ya mistari, nikasema, "Jana bendera ilipinduka kwa sababu niliikunja vibaya. Mwanafunzi wa zamu hakukosa. Mimi ndiye niliyekosa, tena nikamkemea asiye na hatia. Namwomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Jioni yake binti alikuja kwenye zamu kama kawaida. Tulishika pembe pamoja, tukakunja. Tulipomaliza aliutazama mkunjo, akanitazama na mimi, akasema, "Kijani kiko nje, mwalimu."

Mtahiniwa, mwaka huu utakapofunga mkoba wako, yupo atakayekuja kukaa kwenye dawati lako, na yupo mdogo wako nyumbani atakayeshika madaftari yako. Kazi unayoimaliza jioni, mwenzako ataianzia asubuhi. Ukimwachia iliyovurugika naye akakosea, usiwe wa kwanza kumcheka. Na kama umeshamcheka, nenda ukamwombe radhi palepale ulipomchekea.