Maji Mawili

Sisi watu wa pwani huyaita maji yasiyo na chumvi maji baridi, hata yakiwa yanatokota jikoni. Ni jina lililonitaabisha mno nilipoanza kutafsiri, nami sikuridhika kuliacha. Kisima chetu, huku kusini mwa Unguja, maji yake si baridi wala si ya bahari: yana gramu 3 za chumvi katika kila lita, sabuni haitoi povu, na chai haikubali sukari.

Sababu imo chini ya jiwe la matumbawe. Maji ya mvua, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Kila kadiri moja iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na takriban kadiri 40 chini yake. Yashushe shubiri moja kwa pampu, na chumvi, ikipewa muda, huweza kupanda shubiri arubaini.

Mpwa wangu, fundi wa pampu, ndiye aliyeleta shauri la mtambo. Maji, kwa tabia yake, hupenya utando kuifuata chumvi. Yasukume kwa nguvu iishindayo tabia hiyo, nayo hupita upande wa pili yakiiacha chumvi nyuma. Kwa njia hii mji wa Coalinga, California, ulianza kusafisha maji ya ardhini mwaka 1965.

Pampu, chujio la mchanga, utando, tangi: hayo hayakutushinda. Kilichotushinda ni bomba la pili. Katika lita 100, tunapata 50 za kunywa. 50 nyingine hutoka na karibu chumvi yote, gramu 6 kwa lita. Kuyakamua zaidi hatuwezi, kwani chokaa ya matumbawe hugandamana na kuuziba utando.

Mpwa wangu alitaka kuyamwaga katika shimo la uani, hatua ishirini kutoka kisima cha jirani.

“Mjomba, si chumvi ile ile iliyotoka humu humu?”

“Ilitoka imetawanyika, mwanangu. Inarudi imekusanyika.”

Bahari, yenye gramu 35, haitahisi kitu. Lakini bomba la kufika huko litapita viwanja vya watu watatu. Wawili wameridhia. Wa tatu, bibi mwenye wajukuu saba, ameuliza kwa siku atapata ndoo ngapi. Mtambo umefunikwa turubai, nasi tungali tunapiga hesabu.