Safari Hufichua

Wanavyuoni wametwambia kuwa safari kwa Kiarabu imeitwa safar kwa sababu hufichua tabia za watu. Nimeyasomesha maneno haya miaka mingi, na maana yake nimeijua juzi, katika njia ya Lushoto.

Tulitoka Tanga mimi na mwanangu, yeye akiendesha. Tangu auze shamba letu bila ya kunitaka shauri, nilikuwa nikimjibu salamu tu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, nazo ni kona tupu: huku jabali, huku bonde. Yeye akenda polepole. Soni akasimama, akaninunulia mapeasi, akanionyesha maporomoko ya maji. Mimi nikanung'unika kuwa tunachelewa. Na kumbe hatukuwa na miadi na mtu.

Ilipoingia adhuhuri tukasimama kusali, tuipunguze na kuikusanya na alasiri. Mkeka tumeusahau. Akavua koti lake, akanitandikia. Yeye akasujudu juu ya majani yaliyorowa. Nilipotoa salamu nikageuka, nikamwona magoti yamerowa, anatetemeka kwa baridi, wala hakusema neno.

Nilidhani safari itafichua tabia yake, ikafichua yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe. Nawe nisamehe."

Basi ndugu yangu, kama yuko wako uliyemnunia, safiri naye, tena msiharakishe. Na ukikosa nauli ya mlimani, mlango wake hauko mbali.