Kijana wa Matofali

Mwaka jana mpwa wangu alirudi kutoka masomo ya Ulaya. Ndani ya sanduku lake mlikuwa mfuko mdogo wa dadu: nyingine za pande sita, nyingine za pande nane, na moja ya pande ishirini. Nikamwuliza: « Hizi ni za kamari? » Akacheka. « Hapana, Mjomba. Ni za kusimulia hadithi. » Mimi ni katekista, nimepita seminari, nami nimezoea kutazama vitu vigeni kwa jicho kali. Lakini niliketi, nikasikiliza.

Mchezo huo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache wanaketi kuizunguka meza. Mmoja ni msimulizi: anaeleza pango, mto, adui. Wengine, kila mmoja anamwongoza mtu wake wa hadithi na kusema atafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama amefaulu. Hakuna anayewashinda wenzake. Wote wanaokoka pamoja au wanapotea pamoja.

Kabla ya kuanza, kila mtu wa hadithi anapimwa kwa mambo sita: nguvu, wepesi, afya, akili, busara, na mvuto mbele ya watu. Katika kanuni za kwanza walitupa dadu tatu kwa kila jambo. Hesabu ya chini ni 3, ya juu ni 18. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na katika hizo ni moja tu inayoleta 18. Basi yule mtu anazaliwa na vipaji vyake pale kwenye karatasi, bila kuulizwa, kama sisi tulivyozaliwa.

Kisha anapewa kazi. Mwaka 1974 kazi zilikuwa tatu: mpiganaji, mtu wa dini, na mtu wa maajabu. Kila kazi ilikuwa na kipimo chake kikuu. Mpiganaji alitakiwa nguvu, mtu wa dini busara, na yule wa tatu akili. Aliyepata 15 au zaidi katika kipimo cha kazi yake aliongezewa ujuzi sehemu kumi kwa mia. Aliyepata 6 au chini alipunguziwa ishirini kwa mia. Tena hakuna aliyepewa yote. Mtu wa maajabu hakuvaa nguo za chuma; mtu wa dini hakuruhusiwa silaha yenye makali. Nilipoyasikia haya nilifurahi, nikamkumbuka Mtakatifu Paulo alivyowaandikia Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi.

Neno moja nililikataa. Yule mtu wa maajabu, wengi wangemwita « mchawi ». Kwetu Kongo neno hilo si la mchezo. Wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Tukamwita Mwenye Vitabu, maana uwezo wake unatoka katika kitabu chake, naye hana budi kukirudia ili kuandaa maneno yake ya siku.

Tukaanza kucheza siku za Jumamosi, baada ya mafundisho, pamoja na vijana wanne. Tulifuata kanuni za mwaka 2014, ila tulipatana kwamba hesabu zitaandikwa kwa utaratibu wa kuanguka kwake, bila kuzihamisha. Kijana mmoja akapata nguvu 16 na akili 9.

Kijana huyo namjua sana. Kwa miaka mitatu, kila palipokuwa na matofali ya kubeba au viti vya kuhamisha, nilimwita yeye. Palipokuwa na somo la kusoma kanisani, niliwaita wengine. Basi nikamwambia bila kufikiri: « Wewe ni mpiganaji. »

Akajibu polepole: « Hapana, Mwalimu. Mimi nataka kuwa Mwenye Vitabu. »

Nikamweleza hesabu. Kipimo cha 10 au 11 ni cha katikati. Kipimo cha 16 kinaongeza 3 juu ya dadu, lakini cha 9 kinapunguza 1. Mwenye Vitabu aliye na akili 16, akiwa mwanzoni kabisa, anaweza kuandaa maneno manne kwa siku. Yeye angeandaa moja tu, yaani lile ambalo kanuni haimnyimi mtu yeyote. Nikasema: « Utakuwa mzigo kwa wenzako. » Akanyamaza, kisha akamgeukia mpwa wangu: « Kanuni inakataza? » Mpwa wangu akasema: « Haikatazi. »

Basi akaomba asomewe orodha yote ya maneno ya siri, taratibu, kwa muda wa saa nzima. Akapata moja la kulaza adui usingizi. Kwa kanuni zile, neno hilo halitazami kabisa akili ya anayelisema. Unatupa dadu tano za pande nane. Jumla yake ndiyo kiasi cha uhai wa maadui watakaolala, kuanzia aliye dhaifu zaidi. Akalichukua hilo.

Jumamosi ya tatu tulikuwa pangoni. Mpiganaji wetu alikuwa ameanguka, hana fahamu, na mbele yake walisimama maadui wanne, kila mmoja na uhai wa 7. Yule kijana akatupa dadu zake. Zikaleta 29. Wote wanne wakalala. Kisha akasema: « Ninambeba. » Tukatazama kanuni: mwenye nguvu 16 anabeba paundi 240, karibu kilo 109. Akamtoa nje mwenzake na silaha zake. Wale wengine hawangeweza.

Vijana walipiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Zamani, seminarini, mwalimu mmoja aliniambia kwamba mimi si wa kusema mbele ya watu, mimi ni wa kutunza daftari. Nilitunza daftari miaka miwili, na neno lile liliniuma kila siku. Na mimi nimemfanyia nini kijana wa matofali? Jambo lile lile, tena bila hata kumwambia.

Wenye mchezo nao wamejifunza polepole. Katika kitabu cha mwaka 1978, taifa la watu wafupi wachimbaji wa milimani halikuruhusiwa kabisa kazi ya Mwenye Vitabu, kwa sababu ya kuzaliwa tu. Kanuni za mwaka 2000 ziliondoa zuio hilo. Na katika kanuni za mwaka 2024 nyongeza ya vipimo haitoki tena katika taifa la mtu, bali katika malezi na kazi aliyoifanya zamani. Sisi tunajua maana yake. Babu zetu waliandikwa katika daftari za wakoloni: kabila hili la kubeba, kabila lile la kuandika. Na leo bado twasikia maneno hayo midomoni mwetu wenyewe.

Sisemi kwamba vipaji ni bure. Akili ya mtu wake wa hadithi imebaki 9, nasi hatukuifuta. Lakini kwa kuwa alikuwa na neno moja tu, alilichagua vizuri kuliko wenye manne. Na ile nguvu niliyotaka iwe kazi yake yote, ilimfaa alipokuwa katika kazi aliyoitaka.

Basi nikampa somo fupi la Jumapili. Alilisoma kila jioni juma zima. Kanisani alijikwaa kwa jina moja, akarudia, akamaliza. Watu wa nyuma walimsikia. Matofali bado anabeba, ila siku hizi nawaita na wale wanaosoma vizuri, wabebe pamoja naye.

Ninyi wazazi, na sisi walimu, tusiandike jina la mtoto katika orodha kabla ya kumwuliza anataka nini.