Makamu Ndiye wa Juu

Mkebe wenyewe ni wa biskuti. Rangi imebambuka pembeni, na kifuniko hakifungi mpaka ukibane kwa goti. Ukikifungua, harufu inayotangulia ni ya tumbaku, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyevuta sigara. Ni harufu ya pakiti za sigara za Sportsman. Ndani mna kadi 112 za wanamichezo, na karibu zote nilizitengeneza kwa mikono yangu, Kaloleni, Kisumu, kuanzia nikiwa msichana wa shule ya msingi.

Kadi za kununua hatukuziona. Wenzetu wa Marekani na Uingereza walizipata tangu zamani, na huko nako mambo yalianzia kwenye tumbaku: mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za sigara zilikuwa zikitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, kisha zikaanza kuchapisha picha juu yake. Nilipokuja kulisoma hilo ukubwani nilishika kichwa. Sisi pakiti tulikuwa nazo tele. Picha ndizo hazikuwamo.

Baba alikuwa karani bandarini, enzi ambazo MV Uhuru ilikuwa ikipakia mabehewa pale gatini. Wapagazi walivuta, wakatupa pakiti, naye akaniokotea zilizo safi. Picha nilizitafuta sokoni Jubilee. Mama aliyeuza karanga karibu na lango alizifunga kwa magazeti ya zamani, nami nilimsaidia kukunja zile pia za karatasi kwa sharti moja: ukurasa wa michezo haukunjwi mpaka niupekue. Nikipata sura, naikata taratibu kwa wembe wa baba, napika gundi ya unga wa ngano, nabandika juu ya upande wa ndani wa pakiti, kisha naiweka chini ya mguu wa kitanda usiku kucha. Asubuhi kadi imenyooka. Nyuma naandika kwa biro: jina, timu, lakabu. Lakabu ilikuwa muhimu kuliko jina. Sammy Onyango bila Jogoo ni nani?

Klabu yetu ya soka, Gor Mahia, anwani yake ni Nairobi, lakini mapigo yake yalisikika Kisumu. Mechi nyingi tuliziona kwa masikio, redio ikiwa dirishani na watu wameketi nje kwenye vigoda, tukimtegemea mtu kama Leonard Mambo Mbotela atuonyeshe mpira ulipo. Kwa hiyo mchezaji nilimfahamu kwanza kwa sauti. Uso wake ulikuja siku kadhaa baadaye, umezungushiwa karanga, una chumvi.

Kadi ya kwanza kabisa haikuwa ya kizazi changu. Baba alinipa picha ya Allan Thigo wa Gor aliyokuwa ameitunza tangu miaka ya sabini, miaka ambayo Gor ilimaliza ligi ya 1976 bila kufungwa na mwaka 1979 ikafika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, ikalemewa na Canon ya Yaoundé. Niliibandika kwa gundi yangu ya unga nikidhani naihifadhi. Mende wa Kaloleni wakaipata msimu wa mvua. Walikula kichwa, kifua na jezi, wakaacha miguu. Nililia kwa siku mbili. Baba hakunigombeza, alisema tu kwamba miguu ndiyo Thigo mwenyewe, niiweke. Ipo hadi leo.

Halafu ikaja Desemba 5, 1987, Jumamosi. Katika fainali ya kombe lile lile, Gor ilikuwa imetoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, na sasa Watunisia walikuwa Kasarani. Bao la Gor siku hiyo alilifunga Peter Dawo, mechi ikaisha 1-1, na kombe likabaki kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya soka ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Usiku ule hakuna aliyelala Kaloleni. Watu walitoka na sufuria, na debe, na chochote kinacholia.

Gazeti la kesho yake lilifika kwetu ndani ya koti la baba. Niliamka na wembe mkononi. Akanizuia: gazeti halikatwi mpaka mtaa wote ulisome. Lilizunguka wiki nzima. Liliporudi lilikuwa na duara la kikombe cha chai, mafuta ya mandazi, na alama za vidole vya watu waliokuwa wakionyeshana nani ni nani. Ndipo nikaruhusiwa. Nilimkata Dawo kwanza. Nahodha, Austin Oduor, tuliyemwita Makamu, nilimkata mwisho, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki kwenye pakiti. Beki, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa mtu wa kuzuia raha.

Wavulana walikuwa na mchezo wao wa kurusha kadi ukutani, ya kwako ikiangukia ya mwenzako unaichukua. Mimi sikukaribishwa, kwa kuwa msichana, mpaka niliposhika Dawo hadharani. Nikakaribishwa siku hiyo hiyo. Nikampoteza Dawo siku hiyo hiyo pia, kwa mvulana wa nyumba ya tatu, na kilio changu hakikumrudisha. Makamu alibaki kwa kuwa hakuna aliyemtaka.

Miaka ya tisini televisheni ilileta ligi ya Uingereza, na mkebe ukajaa sura ambazo Kisumu haikuwahi kuzisikia redioni. Karatasi sasa ilikuwa ya kung'aa, kutoka majarida. Gundi ilikuwa ya dukani, na mende wakakata tamaa. Zilipendeza. Lakini nikizigeuza leo, nyuma hazina kitu. Sikuandika lakabu hata moja, kwa kuwa hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyekuwa akiwaita kwa lolote.

Katikati ya rundo hilo kuna kipande kidogo kama stempu: Mike Okoth, mdogo wake Makamu, aliyekwenda kucheza Ubelgiji na mwaka 1999 akawa bingwa wa ligi ya huko na Genk. Magazeti yetu yalimpa nafasi ya vidole viwili. Nilimbandika karibu na kaka yake. Baadaye nikamwongeza Arnold Origi, mwana wa Makamu, kipa wa timu ya taifa, Harambee Stars, aliyedaka miaka mingi Norway. Hapo ndipo nilipogundua kwamba, bila kupanga, nilikuwa natunza nyumba ya watu. Na yule beki niliyemkata mwisho nikampandisha, kadi baada ya kadi, mpaka juu kabisa, alipo sasa.

Juni 1, 2019, usiku wa Madaraka, Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, aliingia fainali ya Ulaya akitokea benchi na kufunga bao la pili la Liverpool dhidi ya Tottenham. Honi za pikipiki zilisikika kutoka Kondele mpaka kwetu. Mimi nilifungua mkebe nikakaa nao mapajani.

Siku hizi picha zinatoka kwenye simu. Mwaka 2024, wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walipokuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, nilikwenda saiba kuchapisha picha yao, nikaibandika juu ya pakiti ya mwisho iliyokuwa imebaki. Desemba hiyo mtoto wa kaka yangu alikuja likizo kutoka Uingereza, akiwa na miaka 9, na mfukoni alikuwa na kadi halisi, ya dukani, aliyorithi kwa dada yake: Divock na jezi nyekundu. Tukatandika mkeka ukumbini, tukaiweka kando ya Makamu. Vimo vilikaribia kulingana.

"Shangazi, huyu ni nani wake?"

"Baba yake mkubwa."

Akageuza kadi ya Makamu, akasoma mwandiko wangu wa utotoni, akapitisha kidole kwenye duara la chai. Akageuza ya Divock. Nyuma kulikuwa na takwimu, zimechapwa vizuri. Akaomba biro. Karatasi ile ya kung'aa ilikataa wino. Ilimbidi arudie kila herufi mara tatu, ulimi nje, mpaka ikasomeka: MTOTO WA NDUGUYE MAKAMU.