Banissa iko na watu wangapi? Kompyuta inangoja useme

Wasee, kuna swali moja programu ya takwimu hukuuliza na wengi hulijibu ovyo: nianzie wapi?

Ukitaka mstari ulionyooka, kompyuta inapiga hesabu mara moja, imeisha. Lakini mkunjo, kama ule wa watu wanaoongezeka, inautafuta hatua kwa hatua, ni kama mtu anayetafuta ngamia aliyepotea huku kwetu Banissa. Haanzi popote tu. Anaanzia kisima ambacho ngamia alionekana mara ya mwisho.

Sasa chukua sensa za Mandera, kaunti yetu. 1999: watu 250,372. 2009: 1,025,756. 2019: 867,457. Ndio, umesoma vizuri. Tulipanda mara nne, halafu tukapungua.

Fungua R uipe namba hizo. Ukiacha mwaka uwe 2009 hivyo hivyo na ubahatishe kasi ya ukuaji ni 1, itagoma papo hapo, kwa sababu hesabu inalipuka hadi namba isiyo na mwisho. Kwa hivyo 1999 iite sifuri. Idadi ya kuanzia weka 250,000, hiyo si unayo tayari? Kasi nayo, chukua logi za zile namba tatu, pitisha mstari wa kawaida, uangalie mteremko wake: 0.062. Hicho ndicho kisima chako.

Msee wa Nairobi ataniambia anaanza na 0.02, maana Kenya nzima ilikua karibu hivyo kati ya 2009 na 2019. Poa tu. Anzia 0.02 au 0.062, wote mnakutana takriban 0.035. Kianzio si jibu, walahi, programu inakiacha nyuma na kusonga.

Lakini angalia mkunjo wenyewe sasa. Unasema 1999 tulikuwa kama 487,000, karibu mara mbili ya waliohesabiwa. 2009, kama 693,000. 2019, kama 985,000. Haujagusa sensa hata moja! Na kompyuta haijalalamika popote, imekuletea jibu safi kabisa.

Hapo hata ubadilishe kianzio mara mia, haisaidii. Shida iko kwenye zile namba tatu. Mwaka 2010 aliyekuwa waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane, zikiwemo Mandera Mashariki, Kati na Magharibi. Kutoka 1999 hadi 2009 ukuaji wetu ulikuwa zaidi ya asilimia 14 kila mwaka. Sisi tunazaa, sawa, lakini si hivyo.

Na hii si hesabu ya darasani. Idadi ya watu inaingia kwenye fomula ya kugawia kaunti pesa, na ndiyo inayotumika kuchora mipaka ya maeneo bunge. Kwa hivyo mtu akija na grafu ya Mandera, mimi simuulizi alianza na kasi gani. Namuuliza ile 2009 aliiweka ama aliitoa, na kwa nini.