Harusi ya Kiyahudi Kilimani Nabugoye

Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna kilima cha Nabugoye. Hapa wanaishi Abayudaya, Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, wakimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu. Nilipanda huko na kamera mbili kupiga harusi yangu ya kwanza ya Kiyahudi.

Tulikutana Jumapili. Sabato huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, na muda huo hakuna harusi wala kamera.

Maharusi walisimama chini ya kitambaa kilichoinuliwa kwa nguzo 4. Ikasomwa ketuba, hati ya wajibu wa mume kwa mkewe, zikafuata baraka 7. Kisha bwana harusi akakanyaga glasi, kraa! Hata kwenye raha, Wayahudi wanakumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70.

Vigelegele vikapaa, nami nikajiandaa kuwafuata. Wapi! Waliingia chumbani, mlango ukafungwa, mashahidi wawili wakabaki nje. Ndivyo desturi inavyotaka: dakika chache za wawili peke yao, wapumue, wale chochote, waangaliane. Walipotoka, nyuso zilikuwa zimetulia. Picha ya mlangoni pale naipenda kuliko zote.

Mpenzi msomaji, harusi zetu zina kamati, MC, mashangazi na video. Mnaopanga yenu, jitengeeni hizo dakika kumi. Mpiga picha atasubiri nje.